JE, LAKERS WALIPORWA CHRIS PAUL?

Kwanza namshukuru mhariri kwa kunipa ukurasa, maana wapo waliodhani jarida la Chama cha Kiswahili ni la ngeli, methali na mashairi ya kuwasifu walimu peke yake. Leo nazungumzia mpira wa vikapu. Walimu wangu, msinune. Nitatumia Kiswahili kile kile mlichonifunza, na pale msamiati utakaponiishia nitazunguka nipite kando.

Hapa shuleni tuna hoja moja isiyokufa. Kila jioni baada ya mazoezi, kabla sisi wa kutwa hatujakimbilia matatu, lazima atokee jamaa aseme, "Lakers waliporwa Chris Paul." Basi hapo zogo linaanza. Mashabiki wa Lakers hapa ni wengi kama siafu, sababu ni marehemu Kobe Bryant, na kwao David Stern ni mwizi aliyevaa tai. Wengine wanasema Stern alifanya vyema kuwafunga breki matajiri. Jambo lenyewe lilitokea Desemba 2011, wengi wetu tukiwa bado twabebwa mgongoni, lakini ukiusikia ugomvi huo utadhani ni wa juzi. Uwanjani mwenye sauti nene ndiye mshindi, na yangu haijakomaa. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, msije mkasema nimewazungusha. Hesabu ya kukataa ilikuwa nzuri. Aliyekataa ndiye hakufaa kukataa. Na walioumia kweli kweli hawakuwa Lakers.

Kwa wale wasiofuata mchezo huu, hebu nieleze kidogo. Katika ligi ya NBA ya Marekani, timu haiendi tu dukani kununua mchezaji kama ilivyo katika soka ya Ulaya. Timu hubadilishana wachezaji, wewe nipe huyu nami nikupe yule, na mishahara ya wanaobadilishwa sharti ikaribiane. Ukikosa mchezaji wa kutoa, unaweza kutoa zamu yako ya kuchagua chipukizi. Kila mwaka vijana wapya huchaguliwa kwa zamu, na timu mbovu ndizo hutangulia. Kwa hiyo zamu ya timu mbovu ni mali, na zamu ya timu bora ni makombo. Aghalabu mchezaji mwenyewe haulizwi. Anaambiwa tu fungasha.

Sasa kisa chenyewe. Chris Paul alikuwa na miaka 26 na alichezea New Orleans Hornets. Katika kupanga mpira na kuwalisha wenzake, huenda hakukuwa na aliyemzidi duniani. Msimu wa 2010-11 alitoa karibu pasi 10 za kufunga kwa kila mchezo. Mkataba wake ulimruhusu kuondoka majira ya joto ya 2012 bila Hornets kupata chochote, na ilijulikana hataki kubaki. Wakubwa wa timu walikuwa na mfano mbichi mbele ya macho yao. Mwaka wa 2010 LeBron James aliondoka Cleveland kwenda Miami, na Cleveland wakabaki wakilia karibu mikono mitupu. Kwa hiyo meneja wa Hornets, Dell Demps, akaanza kutafuta wa kubadilishana naye kabla maji hayajamwagika.

Akapata timu mbili. Lakers wangempata Paul. Houston Rockets wangempata Pau Gasol, yule Mhispania mrefu wa Lakers. Hornets nao wangepokea Lamar Odom kutoka Lakers, kisha kutoka Houston wapate Luis Scola, Kevin Martin na Goran Dragic, pamoja na zamu ya kuchagua chipukizi. Tarehe 8 Desemba 2011 habari zikaenea kwamba mambo yamekwisha. Haukupita muda mrefu zikaja nyingine: ligi imekataa.

Hapa wenzangu hupenda kujumlisha, nami nitajumlisha nao. Msimu uliotangulia Martin alikuwa akifunga wastani wa pointi 23.5, Scola 18.3, na Odom 14.4. Jumla ni 56.2. Paul alikuwa akifunga chini ya 16. Eti unatoa 16 unapewa 56, na bado mtu anakataa! Ukiitazama hivyo utadhani Stern aliruka darasa la hesabu.

Lakini pointi haziwekwi kwenye gunia moja kama mahindi. Mpira uwanjani ni mmoja. Wale watatu walizipata pointi zao katika timu zilizowapa mpira, na aghalabu mwenye kuwapa ni mtu wa aina ya Paul. Ondoa mwelekezi, halafu uone kama wafungaji watajilisha wenyewe. Hata katika timu yetu, siku yule anayetupangia mpira akiwa na malaria, sote tunakimbia kama kuku waliotawanywa, na hao wenye kujiita wafungaji ndio wa kwanza kulalamika.

Tena tazama miaka yao. Odom alikuwa na 32, Scola 31, Martin 28. Timu yenye nyota wa miaka 26 ikimtoa ili kupokea watu hao, itafika wapi? Haitakuwa mbovu sana, na haitakuwa nzuri. Itashinda michezo kama nusu, itolewe raundi ya kwanza au ikose mtoano kabisa, na kila mwaka itapata zamu za katikati zisizo na faida. Wenye kuujua mchezo huu husema hakuna mahali pabaya kuliko katikati. Na mishahara ya wazee hao ilikuwa ya kulipwa miaka kadhaa mbele. Waswahili husema bura yangu sibadili na rehani. Hornets walikuwa na bura, na rehani ndiyo hiyo waliletewa.

Mbona basi Demps alikubali? Nadhani meneja naye ana tumbo. Alitaka timu ya kushinda msimu ule ule, ili tiketi ziuzwe na atakayekuja kuinunua timu asikute kaburi. Siwezi kumcheka kwa hilo.

Wahenga walinena, mgala muue na haki yake mpe. Siku sita baadaye, tarehe 14 Desemba, Paul alipelekwa Los Angeles Clippers. Hornets wakapewa Eric Gordon, mfungaji wa miaka 22, pamoja na Chris Kaman, Al-Farouq Aminu wa miaka 21, na zamu ya Minnesota ya mwaka 2012. Kwa karatasi, mzigo huu ulikuwa bora zaidi. Una ujana ndani yake, na una zamu ya timu dhaifu. Ukiniuliza mimi siku hiyo uchague upi, nakwambia huo wa Clippers, na wala sitafuni maneno.

Kwa hiyo hapo Stern nampa alama zake. Sasa njooni kwenye ubaya.

Swali ambalo mashabiki wa Lakers hulipigia kelele bila kulifikisha mwisho ni hili: Stern alikuwa nani kwa Hornets? Mwaka mmoja kabla, Desemba 2010, mwenye timu, George Shinn, alikuwa ameshindwa kuiendesha, na ligi yenyewe ikainunua. Maana yake ni kwamba wenye timu 29 zilizosalia walikuwa kwa pamoja ndio wenye Hornets. Fikirini matatu 30 za njia moja. Moja mwenyewe ameshindwa nayo, wale 29 wakachanga wakainunua wasiiache ife. Halafu dereva wake anakuja kuomba ruhusa ya kuuza injini kwa mmoja wao. Unadhani wale 28 watakaa kufikiria faida ya gari lile? Kila mmoja atawaza njia yake, abiria wake na kituo chake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 8 Desemba ilikuwa siku ile ile wenye timu walipokutana New York kupitisha mkataba mpya na wachezaji. Tangu Julai walikuwa wamewafungia wachezaji milango wakigombania mgawo wa mapato, hata msimu ukakatwa kutoka michezo 82 hadi 66. Walichokuwa wakiimba miezi yote hiyo ni kwamba timu ndogo lazima zilindwe. Wino haujakauka, wanasikia nyota wa mji mdogo anakwenda Lakers! Dan Gilbert wa Cleveland, huyo huyo aliyeachwa na LeBron, akamwandikia Stern barua akilalamika kwamba haiwezekani Lakers wampate mchezaji aliye bora kuliko wote katika mpango huo na bado waokoe mamilioni ya dola.

Hapo pa mamilioni msipapite haraka. Timu inayovuka kiwango fulani cha mishahara hutozwa faini, na faini hiyo hugawiwa timu zisizovuka. Lakers walikuwa walipaji wakubwa. Kwa mabadilishano yale wangelipa kidogo zaidi, na timu nyingine zingepokea kidogo zaidi. Kwa hiyo waliokuwa na sauti juu ya Hornets walikuwa na pesa zao wenyewe ndani ya jambo lile. Gilbert alikuwa na haki ya kulalamika kama mwenye Cleveland. Lakini pia alikuwa na kipande cha Hornets, na barua yake haikuandikwa kwa machozi ya watu wa New Orleans.

Stern alieleza wakati ule kwamba aliamua bila kushawishiwa na wenye timu, na kwamba Hornets ingefaidika zaidi Paul akibaki kuliko kwa masharti yale. Miaka ya baadaye akarudia tena na tena kwamba watu hawakumwelewa. Alisema hakutumia mamlaka yake ya kamishna wa ligi. Alisimama mahali pa mwenye timu, na mwenye timu yeyote ana ruhusa ya kumwambia meneja wake hapana. Hoja hii ndiyo ngumu kuliko zote, na rafiki zangu wengi hawaijui. Ni kweli kabisa. Mwenye mali akikataa kuuza hakuna polisi wa kumshika. Ndiyo sababu nasema Lakers hawakuporwa. Huwezi kuporwa kitu ambacho mwenyewe hajakukabidhi.

Lakini hebu mfuateni kwa makini. Kofia mbili, kichwa kimoja. Akiwa kamishna, kazi yake ni kuwa sawa kwa timu zote 30. Akiwa mwakilishi wa Hornets, kazi yake ni kuipendelea moja tu. Mtu mmoja hawezi kuzivaa zote mbili kwa wakati mmoja, hata awe malaika. Mimi naamini inawezekana kabisa kwamba marehemu Stern alisema kweli, kwamba aliipima ile biashara akaiona mbovu. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Mwamuzi akipiga firimbi ya haki huku amevaa jezi ya timu moja, nani atamwamini? Walipoinunua timu ile, wangemteua mtu mmoja asiye na uhusiano na timu nyingine yoyote, wamkabidhi neno la mwisho, na wamtangaze hadharani. Mtu huyo akisema hapana, basi. Angeweza kukataa jambo lile lile, kwa sababu zile zile, na leo tusingekuwa tunapigiana kelele.

Tena angemwambia Demps mapema. Meneja aliachwa akazungumza na timu mbili na kufikia mwisho, ndipo akavutwa shati. Kama mna shaka na bei, semeni kabla mtu hajafungua mkoba.

Sasa niwataje wale ambao katika ugomvi wetu hawatajwi. Kesho yake, tarehe 9 Desemba, kambi za mazoezi zilifunguliwa. Fikirini Scola na Martin wanarudi Houston mbele ya kocha aliyekwisha kuwatoa. Gasol alirudi Lakers, timu aliyoisaidia kutwaa ubingwa mara mbili, 2009 na 2010, akijua kwamba ameshauzwa kwa nia, imebaki risiti. Odom ndiye aliyenihuzunisha zaidi. Msimu uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba katika ligi nzima. Alipojua alikuwa ndani ya mpango ule, moyo ulimvunjika akaomba aondolewe, na baada ya siku chache akapelekwa Dallas. Huko wastani wake ulianguka hadi pointi 6.6, na Aprili 2012 yeye na Dallas wakaachana kabla msimu haujaisha. Sisemi Stern ndiye aliyemvunja. Odom alikuwa na mizigo mingine maishani, tena mizito. Nasema tu kwamba tunapojumlisha 23.5 na 18.3 na 14.4 tunasahau kwamba 14.4 ni mtu.

Mtu ataniambia hao wanalipwa mamilioni, watajijua. Haya, nakubali wanalipwa. Lakini mtoto wa Houston anayehamishwa shule katikati ya muhula kwa sababu ya baba yake hasomi mshahara, anasoma darasa jipya lisilo na rafiki. Wanafunzi waliowahi kuhamishwa wananielewa.

Na mambo yaliishia wapi? Hapa ndipo pananichekesha. Ule mzigo wa Clippers niliousifu kwa karatasi haukufanya mengi. Gordon aliumwa goti akacheza michezo 9 tu msimu wa kwanza, kisha akatia saini ofa ya Phoenix na kutangaza kwamba moyo wake uko huko. Hornets walilazimika kulingana na ofa hiyo ili wambakishe. Zamu ya Minnesota ikawa ya 10, wakamchukua Austin Rivers, na hakuwa nyota. Upande wa pili, katika ule mzigo uliokataliwa, Scola aliachwa na Houston majira ya joto ya 2012. Na yule aliyekuja kung'aa kuwashinda wenzake wote ni Dragic, ambaye katika hesabu zetu za uwanjani hakuna hata anayemtaja! Mwaka wa 2014, akiwa Phoenix, aliingia katika kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi.

Hornets bila Paul walishinda michezo 21 na kupoteza 45. Kwa ubovu huo wakaingia kwenye bahati nasibu ya zamu ya kwanza, na Mei 2012 ikawaangukia wao, wakamchagua Anthony Davis. Charlotte, walioshinda michezo 7 tu, walikosa. Wapo wanaosema ilipangwa ili kumfurahisha mnunuzi mpya, Tom Benson, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameinunua timu. Waniletee ushahidi, mimi nitasoma. Ninachojua ni kwamba kama Odom, Scola na Martin wangekuwapo, hawangeshindwa kiasi hicho, na Davis asingefika New Orleans. Lakini msinitumie hilo kumtetea Stern. Bahati haikuwa kwenye mezani pake tarehe 8 Desemba.

Nao Lakers walitolewa raundi ya pili mwaka 2012 na Oklahoma City. Paul alikaa Clippers misimu sita, akicheza katika jengo lile lile la Lakers, na hakuvuka raundi ya pili hata mara moja. Houston, kwa kumkosa Gasol, walibaki na Martin, na Oktoba 2012 wakamtumia katika mabadilishano ya kumpata James Harden. Sasa nani aliporwa?

Ukitaka kujua nilichokuwa nikitafuta muda wote huu, tazama New Orleans ile ile mwaka 2019, ikiitwa Pelicans. Davis naye, mnamo Januari, aliomba kuondoka, na Lakers wakaja tena na ofa zao. Februari Pelicans wakasema hapana. Safari hii timu ilikuwa na mwenyewe, Gayle Benson, mjane wa Tom, asiye na kipande cha timu nyingine ya vikapu. Mashabiki wa Lakers walikasirika, naam, lakini hakuna aliyeuliza hapana hiyo ilitoka kwa nani. Mwezi Juni wakakubali, baada ya kupewa Lonzo Ball, Brandon Ingram, Josh Hart na zamu kadhaa za kuchagua. Ingram akateuliwa mwaka uliofuata katika mchezo wa nyota wote. Lakers nao, wakiwa na Davis, wakatwaa ubingwa wa 2020. Kila mmoja alikwenda nyumbani na chake, na kamishna hakuguswa na mtu.